Nora Hakubadilika kwa Usiku Mmoja

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

Mama uliye bombani unangoja zamu, baba uliye kivulini, kaka na dada mliotoka shule, karibuni. Leo tuongee juu ya mchezo wa kuigiza wa Norwei, wa mwaka 1879. Aliyeuandika ni Henrik Ibsen. Kwa Kiswahili tuuite Nyumba ya Mwanasesere.

Mwanamke wa mchezo huu ni Nora. Ana watoto 3 na mume, Torvald, anayekaribia kuwa meneja wa benki. Mume anampenda, lakini kama mtu anavyopenda ndege wa kufuga. Anamwita kwa majina ya vinyama, anamkataza peremende, anamtania kuwa pesa hazikai mkononi mwake.

Torvald hajui jambo moja. Zamani aliugua sana, na Nora akaambiwa mume atapona akipelekwa nchi ya joto. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mume. Nora akaghushi sahihi ya baba yake, akakopa, wakaenda Italia, mume akapona. Tangu hapo analipa deni kwa siri. Anabana pesa ya matumizi, na kuna majira ya baridi alikesha akinakili maandishi kwa malipo.

Wengi husema Nora alikuwa mjinga, akaerevuka ghafla mwishoni. Mimi sioni hivyo, msikilizaji. Mtu anayebeba deni miaka yote hiyo bila kutetereka si mjinga. Akili alikuwa nayo. Alichokosa ni ruhusa ya kuionyesha.

Kinachobadilika ni macho yake. Siri inapofichuka, Nora anatumaini mume atasimama na kubeba lawama. Torvald anamwita mhalifu, anasema hafai kulea watoto, ila abaki nyumbani ili majirani wasijue. Mara aliyewakopesha anarudisha hati ya deni. Torvald anashangilia kwamba ameokoka, kisha anamsamehe mkewe. Hapo Nora anamwona mumewe vizuri kwa mara ya kwanza. Anavua nguo za ngoma, anavaa za kawaida, anamketisha mezani. Miaka 8 ya ndoa, hawajawahi kuzungumza jambo zito wakiwa wameketi pamoja. Wakimaliza, anarudisha pete, anaondoka, mlango unafungwa.

Mlango ule ulizua kelele. Ujerumani, mwigizaji mmoja alikataa kuigiza mama anayeacha watoto, na mwaka 1880 Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Mwenyewe hakuupenda kabisa. Mwaka 1888 sheria ya Norwei ikampa mke haki ya kusimamia kipato chake.

Najua utakachoniuliza: na watoto je? Ni swali la haki, na mchezo haulijibu. Lakini tukiuliza hilo tu, tunamwachia Torvald njia ya kutoroka. Tuulize pia nani alimfikisha Nora mlangoni. Sheria ilimnyima kalamu, mume akamnyima mazungumzo.

Sikuambii uondoke kwako. Hapa kambini kuondoka si jambo dogo, maana jina lako na la watoto yako kwenye karatasi moja na la mume. Ila kama unapigwa au unatishwa, usinyamaze: nenda kwa wahudumu wa kituo cha wanawake. Na kama nyumbani kuna amani, anza na ile meza. Baba, mkeo anajua deni lako? Wewe unajua lake? Pesa ya mwezi ikiingia, mnaihesabu wawili?

Vikundi vya wasikilizaji, swali la wiki hii: Nora angeweza kumwambia Torvald ukweli mapema, na angesikilizwa? Jadilini, wanaume na wanawake pamoja, kisha mtuletee majibu yenu.



(Muziki unapanda.)