Mtafiti na idadi ya kunukuliwa

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa idadi ya mara anazonukuliwa na wenzake. Kwa Clair Patterson wa Marekani, kipimo hicho hakitoshi. Mwaka 1956 alitangaza umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, baada ya kupima metali ya risasi ndani ya vimondo. Lakini katika kazi hiyo risasi iliyoenea mazingirani ilichafua kila sampuli, na sehemu yake kubwa ilitoka kwenye petroli iliyotiwa risasi. Mwaka 1965 akayaandika hayo waziwazi. Kwa sababu hiyo akapoteza fedha za utafiti, na mwaka 1971 jopo la kitaifa kuhusu risasi ya hewani likaundwa bila yeye, bingwa wa fani hiyo! Hakunyamaza. Hatimaye petroli yenye risasi ikaanza kuachwa; nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Wanaopandisha watafiti vyeo katika vyuo vyetu wapime pia manufaa ya aina hiyo kwa jamii.