Amotisere za moto: tupime kwanza, bei tutaongea baadaye
Maneno ya ajenti wa tereni mbele ya wanachama, Baraka



Komite imeniomba niongee juu ya piyesi za moto. Nimesikia wengine wanacheka huko nyuma: huyu alisoma mambo ya maendeleo, hata kufungua gurudumu hajui, atatufundisha nini? Ni kweli, mimi si fundi. Lakini ile fakitire ya amotisere mnayoijua, mkono uliotia sahihi ni huu wangu. Ndiyo sababu nimekubali kusimama.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tulizoea kusema shokapu. Waliobaki huku wanasema amotisere. Ni kitu kimoja, msibishane dukani.

Mnakumbuka moto ile inayobeba wagonjwa ilianza kuvuja mafuta nyuma. Tulitafuta fakitire proforma tatu, kama kanuni inavyotaka. Moja ilikuwa ya amotisere za aina ile ile iliyotoka na moto. Nyingine ilikuwa ya zile ndefu, nyekundu, zenye resori nene, na muuzaji aliapa kwamba zinabeba hata magunia manne. Bei yake ilikuwa chini kwa dola 9 kwa jozi. Nilichagua ya bei ya chini, nikaandika kwenye ripoti kwamba tumeokoa pesa ya wafadhili. Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa kutoka Fizi, motari alikanyaga freni penye mawimbi ya barabara. Gurudumu la nyuma likaanza kurukaruka, likaenda kando, wakaanguka. Yeye alichubuka tu. Mama aliyekuwa nyuma alivunjika mfupa wa bega, na mtoto alikuwa mgongoni. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Gharama ya kumtunza mama ilitoka katika sanduku letu, na ilipita zile dola 9 mara nyingi.

Nilienda kwa fundi mzee wa hapa sokoni, nikamwambia anieleze kama mtoto wa shule. Alichukua amotisere kuukuu, akaikata katikati kwa msumeno. Ndani kuna fimbo ya chuma, mafuta, na kipande chenye matundu madogo. Resori ya nje inabeba uzito na kurudisha moto juu. Lakini resori peke yake haijui kusimama: ukiibana inaruka, inashuka, inaruka tena. Mafuta yakipita kwa shida kwenye yale matundu ndiyo yanaituliza. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, gurudumu likae chini kwenye udongo. Gurudumu likiwa hewani, freni haifanyi kitu, hata ikiwa mpya.

Basi zile nyekundu zilikuwa na resori kali, na mafuta ndani karibu hakuna. Tulipozifungua hata kijiko hakikujaa. Ugumu ule ndio tuliouita nguvu.

Halafu urefu. Hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika, sababu moto ikiinuka nyuma inapendeza, na tunasema mawe hayatagusa injini. Lakini ukiinua nyuma, umesukuma uzito mbele, na gido inakuwa nyepesi, inacheza, zaidi kwenye mteremko. Cheni nayo inabadilisha mkao: inaweza kukaza kupita kiasi au kusugua mkono wa gurudumu. Hata ile stendi ya kando inakuwa fupi, moto inalala sana, inaanguka yenyewe mbele ya kanisa, mmeona.

Kwa hiyo pima. Simamisha moto kwa stendi ya katikati, ondoa amotisere ya zamani, pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Mpya iwe na urefu huo huo. Ikiwa ya zamani nayo ilikwisha kubadilishwa na mwenye moto wa kwanza, usiifuate hiyo, tafuta moto ya aina ile ile ambayo bado ina piyesi zake za kiwandani, upime pale. Matundu pia uyaangalie: boloni iingie bila kucheza. Kuna mafundi wanaojaza nafasi kwa kipande cha bati la kopo. Bati linalika siku chache, boloni inaanza kupigwa, siku moja inakatika. Tulipokagua moto zetu zingine tulikuta moja ina bati hilo hilo, na boloni imekwisha kupinda. Ile haikusubiri kikao, tuliisimamisha siku ile ile.

Dukani usiangalie rangi wala karatasi ya kung’aa, kwa sababu karatasi inaigwa kuliko chuma. Pitisha ukucha kwenye ile fimbo: iwe laini kabisa, bila mkwaruzo, maana mkwaruzo ndio unaokata raba inayozuia mafuta. Raba za kwenye matundu zikae imara, zisizunguke ovyo. Linganisha unene wa waya wa resori na hesabu ya mizunguko yake na ile ya zamani uliyobeba mkononi. Kisha isimamishe juu ya ubao, uilalie kwa uzito wako. Itashuka kidogo tu, lakini ukiachia irudi taratibu. Ikikurudisha kama mpira, mrudishie mwenyewe. Fanya hivyo kwa zote mbili, ziwe sawa. Na usinunue moja, hata kama iliyovuja ni moja. Ikiwa upande mmoja mgumu na mwingine laini, mkono wa gurudumu unasokotwa kila shimo.

Okazioni? Mimi sikatazi, najua mifuko yetu. Lakini iwe kavu, fimbo ifaulu mtihani wa ukucha, na isiwe imechomelewa popote. Resori iliyochomelewa ni ya kutupa, chuma chake kimekwisha kupoteza tabia pale moto ulipopita.

Kuhusu fushi ya mbele nitasema kidogo tu. Mafuta yake yawe yale yaliyoandikwa katika kitabu cha moto, kipimo sawa kushoto na kuume. Mafuta ya vidanje si mafuta ya fushi. Ikivuja usikawie, sababu mafuta yanateremka hadi kwenye freni ya mbele. Na bomba la fushi lililopinda lisinyooshwe kwa nyundo na makaa, libadilishwe.

Ukikwisha kufunga, weka ile pete ya kukaza resori kwenye kidato kimoja pande zote mbili, angalia kama resori haigusi bomba la moshi wala kifuniko cha cheni, angalia ulegevu wa cheni mtu akiwa amekaa juu, kisha zunguka polepole bila abiria. Kesho yake kaza boloni tena.

Sasa neno moja kwa wafadhili wetu, na ninalisema kwa heshima. Kanuni ya fakitire tatu ni nzuri, inatulinda dhidi ya wezi, na mimi mwenyewe ninaitetea. Lakini ikiwa fakitire tatu ni za vitu vitatu tofauti, bei ya chini haina maana. Tunaomba kwamba kwa piyesi za usalama, yaani amotisere, freni na matairi, tuandike kwanza kipimo na aina, ndipo bei zilinganishwe. Ikipita kidogo bajeti ya matengenezo, mtuelewe.

Na kwenu wamotari: hakuna amotisere itakayogeuza moto kuwa Fuso. Imetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Najua maisha, najua gunia la mihogo halisubiri, lakini msiwasikilize wanaouza uzito.

Fundi mzee ametutengenezea vijiti vya mbao, kila kimoja kina misumari miwili kwa umbali wa matundu, na jina la aina ya moto limeandikwa kwa wino. Vinaning’inia ofisini, karibu na daftari la mahudhurio. Mwanachama anayekwenda kununua aandike jina lake, abebe kijiti, akirudishe siku hiyo hiyo. Kile cha Boxer mtu amekwisha kukaa nacho siku nne. Anajijua.