Jongo, au Si Jongo?

Goti langu lilipovimba nilipimwa damu tu. Asidi ya yuriki iko juu, nikaambiwa, basi una jongo, acha nyama. Nikaacha kwa miezi mitatu. Goti likavimba tena.

Kumbe asidi hiyo yaweza kuwa juu kwa mtu asiye na jongo, na yaweza kuwa ya kawaida siku ile ile jongo linapomwamsha mtu usiku. Ushahidi umo ndani ya kiungo chenyewe.

Mwaka 1961 madaktari Daniel McCarty na Joseph Hollander, wa Philadelphia kule Marekani, walieleza jinsi ya kuupata. Maji ya kiungo huvutwa kwa sindano, tone moja likawekwa chini ya hadubini yenye vichujio viwili, kila kimoja kikipitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Vichujio vikikingamana, kote huwa giza. Lakini fuwele za jongo, nyembamba kama sindano, huugeuza mwanga, zikang'aa katikati ya giza hilo. Kikiongezwa kibamba cha tatu, zilizolala sambamba na mhimili wake huwa njano, zilizokingama huwa buluu.

Hatimaye nami nikavutwa maji. (Inauma kidogo, sitawaficha.) Fuwele zangu zilikuwa fupi na butu, rangi zake kinyume: za kalisiamu, ambazo nyama haihusiki nazo kabisa.

Maji yale yale yakapimwa vijidudu pia, kwani fuwele na vijidudu vyaweza kukaa goti moja.