Mwombaji uraia ana haki ya kujibiwa

(Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Uraia wa Tanzania hupatikana kwa kuzaliwa, kwa kurithi, na kwa tajnisi. Njia mbili za kwanza hazimdai mtu subira yoyote, kwa kuwa amezikuta zikimsubiri yeye. Njia ya tatu ni ya mtu mzima aliyetoka kwingine, akaishi hapa, akafanya kazi hapa, kisha akaomba kwa hiari yake ahesabiwe miongoni mwa wananchi. Mazungumzo ya leo yanahusu kungoja kwa mtu huyo: kunatokana na nini, kunamtenda nini, na ni mtumishi gani aliye na uwezo wa kukufupisha.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imeweka kipimo kilicho wazi. Mwombaji awe ameishi nchini katika miezi 12 inayotangulia maombi yake. Na katika miaka 10 iliyo kabla ya miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe ameleta manufaa kwa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi humu. Hakuna mwenye busara atakayeyalalamikia masharti hayo. Uraia si tikiti ya basi, ambayo mtu huikata dirishani akaondoka nayo papo hapo. Miaka hiyo ina kazi yake. Ndani yake majirani humjua mtu, mjumbe humjua, mwalimu huwajua watoto wake, na yeye mwenyewe hupata nafasi ya kujiuliza kama kweli anataka kuiacha nchi aliyozaliwa, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili.

Lakini kuna kungoja kwa pili, nako huanza pale kungoja kwa kwanza kunapokwisha. Mwombaji amekwisha kutimiza miaka yake, ameandika fomu, ametangaza nia yake magazetini kama anavyotakiwa, na jalada lake limefunguliwa. Jalada hilo hupitia ngazi ya kata, wilaya na mkoa, likichunguzwa na kamati zinazohusika, hata lifike Makao Makuu ya Uhamiaji na hatimaye mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Hapo ndipo linapoonekana jambo la ajabu kidogo. Sheria ile ile iliyohesabu miaka ya mwombaji kwa uangalifu mkubwa haikuhesabu siku za ofisi. Imetaja mwombaji akae nchini muda gani. Haikutaja jalada likae mezani muda gani. Wala Waziri halazimiki kueleza sababu za uamuzi wake, na uamuzi huo haukatiwi rufaa mahakamani.

Matokeo yake ni kwamba mwombaji hana njia ya kutofautisha "bado" na "hapana". Aliyekataliwa huweza kupanga maisha yake upya. Ataomba kibali cha ukaazi, au atarudi alikotoka, au atatafuta nchi nyingine. Aliyekubaliwa naye ataapa, atapokea cheti chake, ataendelea. Huyu wa katikati, ambaye kila akifika dirishani huambiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, hawezi kupanga lolote.

Ili jambo hili lisibaki katika maneno matupu, na tuitazame habari kubwa kuliko zote za tajnisi katika nchi hii. Mwaka 1972 mauaji ya kikatili nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi mno kwao, na wengi wao wakaingia Tanzania kupitia Kigoma. Serikali iliwapa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi. Yalikuwa mapori. Watu hao waliyafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Na kabla ya hapo, mwaka 1980, nchi hii ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Kwa hiyo kuwapokea wageni katika udugu wa uraia halikuwa jambo geni kwa Tanzania. Tangu mjadala wa uraia katika Bunge la Tanganyika mwezi Oktoba 1961, Mwalimu alipowapinga waliotaka uraia ugawiwe kwa rangi ya ngozi, msimamo wa nchi ulikuwa unafahamika.

Kwa kipimo cha sheria ya mwaka 1995, aliyeingia mwaka 1972 alikuwa ametimiza miaka yake zamani sana. Hata hivyo ilipofika mwaka 2007 bado aliitwa mkimbizi, na watoto wake aliowazaa hapa waliitwa wakimbizi, na wajukuu kadhalika. Mwaka huo Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana kulimaliza suala hilo. Watu wapatao 218,000 waliokuwa katika makazi yale matatu waliulizwa wanataka nini. Kiasi cha mmoja katika kila watano alichagua kurudi Burundi. Wengine wote walichagua Tanzania.

Sehemu hii ya habari inastahili sifa, tena sifa kubwa. Fomu zilijazwa na kuchambuliwa mwaka 2008 na 2009, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa. Ni nchi chache duniani zilizopata kufanya uamuzi kama huo kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Anayedai kwamba urasimu wa Kiafrika hauwezi kwenda haraka na aitazame miaka hiyo miwili: maofisa wa Uhamiaji waliweza kushughulikia maombi ya umati wa watu wasio na vyeti vya kuzaliwa, katika makazi yaliyo mbali na miji, na kazi ikafika mwisho.

Kisha vyeti havikutolewa.

Sababu ilikuwa hii: mpango ulikuwa kwamba makazi yafungwe, na raia hawa wapya watawanywe katika mikoa mingine ya Tanzania, ndipo wapewe vyeti vyao huko waendako. Nia yake ilieleweka. Iliogopwa kwamba wakibaki pale pale watabaki jamii iliyojitenga. Lakini kumhamisha mkulima kutoka katika shamba alilolifyeka mwenyewe, kaburi la baba yake likiwa pembeni, ni kazi ngumu kuliko kumpa cheti. Fedha za kuwahamisha hazikutosha, na baadhi ya viongozi wa mikoa iliyopangiwa kuwapokea walilalamika kwamba hawakushirikishwa vya kutosha. Mwaka 2011 uhamisho ulisimamishwa. Vyeti navyo vikasimama pamoja nao, kwa kuwa vilikuwa vimefungwa kamba moja.

Hali ya watu hao katika miaka hiyo yafaa itazamwe kwa makini na kila mtumishi wa umma. Walikuwa wamekwisha kutia saini kuukana uraia wa Burundi, maana hilo ni sharti. Kwa sheria ya Tanzania, mtu wa tajnisi huwa raia anapokula kiapo cha utii na kupewa cheti, wala si anaposikia tangazo redioni. Basi walikuwa wameiacha nchi moja na hawajaingia katika nyingine. Waliendelea kuwa chini ya taratibu za wakimbizi, ambazo zinamtaka mtu aombe kibali kabla ya kutoka nje ya eneo alilopangiwa. Tena waliishi katika makazi yaliyotangazwa kwamba yatafungwa. Nani atachoma matofali na kujenga nyumba ya kudumu mahali anapotarajia kuhamishwa? Ni nani atapanda mwembe, mti unaotaka miaka kabla ya kuzaa?

Walimu watalielewa jambo hili kwa kalenda yao. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2008, wazazi wake wakiwa wanajaza fomu, alifanya mtihani wa darasa la saba Septemba 2014. Vyeti vilianza kutolewa mwezi uliofuata, Oktoba 2014, baada ya Serikali ya Rais Kikwete kuamua kwamba raia hawa wasilazimishwe tena kuhama. Elimu yote ya msingi ya mtoto huyo ilipita katika kungoja. Kaka yake aliyemaliza kidato cha sita katikati ya muda huo alikuta kwamba mkopo wa elimu ya juu ni wa Mtanzania, ajira ya Serikali ni ya Mtanzania, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni mmoja wao, ingawa nchi nzima ilikwisha kutangaziwa.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba usalama wa nchi hauchezewi. Ni kweli. Mikoa ya mpakani imeona silaha zikivuka pamoja na watu, na ofisa anayesita kutia saini si lazima awe mvivu. Huenda ndiye pekee anayelikumbuka hilo. Lakini uchunguzi wa usalama ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Katika habari hii uchunguzi ulikwisha mwaka 2010. Miaka minne iliyofuata haikumchunguza mtu yeyote, na hatari gani iliyozuiwa na cheti kilichofungiwa kabatini? Kama kuna hatari, basi ni ile ya kuwalea vijana katika hali ya kutokuwa wa popote.

Tanzania haiko peke yake katika hili. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Wamakonde, waliovuka kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani. Walizaa, wakazeeka, wakazikwa Kwale bila kuwa na kitambulisho cha nchi. Mwezi Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, wakapokewa na Rais Kenyatta, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Kilichoshindikana kwa miaka mingi kikawezekana kwa miezi michache, na hilo laonyesha kwamba ugumu haukuwa katika kazi yenyewe. Huko Marekani nako foleni si fupi, na wengi hungoja sana hata kabla ya kuitwa kwenye mahojiano. Lakini sheria yao imeweka siku 120 baada ya mahojiano, na zikipita bila uamuzi mwombaji anaweza kwenda mahakamani. Si lazima kuiga mahakama zao. Linalofaa kuigwa ni ile tarehe.

Mengi yanaweza kufanywa bila kungoja Bunge libadili sheria. Mwombaji anapopeleka fomu zake wilayani, apewe stakabadhi yenye namba na tarehe, na aambiwe jalada litapita wapi. Masjala iweke orodha ya majalada ya uraia yaliyokaa bila kuguswa kwa miezi sita, na mkuu wa ofisi aisome orodha hiyo mwenyewe. Majalada mengi hayakukataliwa na mtu, yalilala tu chini ya mengine. Barua iliyorudishwa kwa sababu ya picha kukosekana irudishwe wiki hiyo hiyo, isiachwe mpaka mwombaji aje kuuliza mwaka unaofuata. Na pale uamuzi unapokuwa umekwisha kutolewa, utekelezaji wake usifungwe kamba na mpango mwingine, hata mpango huo uwe mzuri kiasi gani. Kuhamisha watu ni jambo moja, uraia wao ni jambo jingine, na kila moja lina jalada lake.

Kwa upande wa walimu ipo kazi isiyohitaji kibali cha mtu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2009, baada ya fomu za wazazi wake kukusanywa, hakuwemo katika karatasi zile. Mtoto kama huyo anapofikia ujana na kutafuta kitambulisho cha taifa, ofisa atamtaka athibitishe alizaliwa lini na wapi, na wazazi wake walikuwa nani. Mara nyingi karatasi ya zamani kuliko zote yenye jina lake ni rejista ya shule. Mwalimu mkuu aliyeihifadhi rejista hiyo mahali pakavu, na aliyeandika jina la mzazi kwa ukamilifu badala ya herufi mbili za mwanzo, amekwisha kumpunguzia kijana huyo miezi mingi ya kwenda na kurudi.