Chupa ya Maabara na Maji ya Mto
Hotuba iliyotolewa katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nayo ni kupima jinsi dawa za shambani zinavyoudhuru mwani wa maji baridi. Wengine hucheka wakisikia hivyo. Lakini viumbe wadogo wa majini hula mwani, samaki hula viumbe hao, nasi twala samaki. Mwani ukiharibika, njaa huanzia chini kabisa.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kile cha OECD, namba 201, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1981. Mwani hutiwa katika chupa zenye virutubisho, mwanga usiozimwa na joto la nyuzi 21 hadi 24. Chupa nyingine hutiwa dawa kwa viwango mbalimbali, nyingine hazitiwi. Katika saa 72 mwani usiotiwa dawa lazima uongezeke angalau mara 16, la sivyo kipimo ni batili. Kisha tunatafuta kiwango cha dawa kinachopunguza kasi ya kukua kwa nusu. Mwani mmoja unaotumika sana ulichukuliwa mto Nitelva, Norwei, mwaka 1959. Vizazi vyake vingali vikitunzwa maabarani.

Kipimo hiki ni kizuri, kwani kila maabara yaweza kukirudia. Lakini mto si chupa. Chukueni atrazini, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi na miwa. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kupuliza, dawa hushuka mtoni kwa wingi, ikapita, kisha maji yakapungua ukali. Mvua nyingine huleta dawa nyingine.

Kwa sababu hiyo hutumika pia vyombo vya maji yanayopita. Dawa huingizwa kwa muda, maji safi yakaiondoa, nasi tukatazama kama mwani unapata nafuu. Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, atrazini huzuia usanisinuru, lakini haiushikilii mwani daima; ikishaondoka, mwani huanza kukua tena upesi. Hapo chupa yaweza kututisha kupita kiasi. Pili, dawa ikirudi kabla ya nafuu, au dawa mbili za namna moja zikikutana, madhara hujumlishana. Hapo chupa yenye dawa moja yaweza kutupumbaza.

Ndugu zangu mlio katika ofisi za kilimo na maji, namba moja ikiletwa mezani mtie sahihi, ulizeni kwanza: dawa ilikaa na mwani kwa muda gani? Ilirudi mara ngapi? Ilikuwa peke yake? Je, kiasi chake majini kilipimwa mwanzo na mwisho, au kilikisiwa tu? Samaki wa watu wanategemea majibu hayo.

Nanyi wanafunzi, anzeni bila sumu yoyote. Chukueni maji ya bwawa, yatieni katika chupa mbili, moja mwangani, moja kivulini, mkahesabu mwani kwa hadubini kila siku. Asiyejua mwani mzima unavyokua hawezi kutambua ule unaougua.