Brashi Kabla ya Patasi



 Tunapenda kutafakari nanyi juu ya kazi moja ya mikono, yaani kazi ya kuchonga maandishi katika mbao. Huenda mtu akauliza: Je, ubao wenye maandishi una neno gani la kutufundisha? Ndugu mpendwa, tunauhitaji ubao huo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Humwelekeza mgeni kigangoni. Humwonyesha mgonjwa mlango wa zahanati. Tena husimama juu ya kaburi la mpendwa wetu, ukilitaja jina lake mbele ya kila apitaye.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya fundi mwenye patasi na nyundo ya mti. Siku hizi imeingia mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC. Asili yake si ya jana. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyeshwa hadharani mashine ya kukata chuma iliyofuata namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Mashine ile ilikuwa kubwa na ya gharama nyingi. Leo ipo mashine yenye kuchonga eneo la sentimita 30 kwa 18, nayo hukaa juu ya meza ya kawaida. Mwanafunzi huandika neno katika programu, kompyuta huligeuza neno hilo kuwa maagizo ya namba, na mota hukipeleka kisu kinachozunguka kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini.

Kijana akiyaona hayo kwa mara ya kwanza, hudhani amekwisha kuwa fundi. Hapo ndipo tunapopenda kusimama kidogo. Mashine imechukua mahali pa patasi, nasi tunamshukuru Mungu kwa msaada huo. Lakini haikuchukua mahali pa jicho, wala mahali pa moyo unaomjali atakayesoma.

Tuchukue mfano wa padre mmoja. Edward Catich alizaliwa Marekani mwaka 1906, akawa yatima, akalelewa katika kituo cha watoto huko Mooseheart, jimbo la Illinois. Humo alifundishwa kazi ya kuandika mabango kwa brashi. Baadaye alisomea upadre mjini Roma, akapewa daraja takatifu mwaka 1938. Alipokuwa Roma aliyachunguza maandishi yaliyo chini ya Nguzo ya Traiano, ambayo yalichongwa katika jiwe mnamo mwaka 113 baada ya Kristo, na ambayo wataalamu wa herufi huyahesabu miongoni mwa maandishi mazuri kupita yote ya Warumi. Watu wengi waliamini kwamba uzuri wa herufi zile, pamoja na vikono vidogo vilivyo mwisho wa mistari yake, ulitokana na patasi. Padre Catich, kwa kuwa mkono wake uliijua brashi, aliona jambo jingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 alieleza kwamba herufi zile ziliandikwa kwanza kwa brashi bapa juu ya jiwe, kisha ndipo zikachongwa. Patasi ilifuata njia iliyokwisha kuonyeshwa.

Basi, enyi vijana mnaojifunza mashine hizi, shikeni neno hilo: brashi kabla ya patasi. Uzuri wa herufi huamuliwa kabla kisu hakijagusa mti. Chukueni penseli na karatasi, mziandike herufi kwa mkono mpaka mwone jinsi A inavyosimama karibu na V. Mkizipanga herufi hizo mbili kwa rula, kama mnavyozipanga H na N, litabaki pengo kubwa katikati yake, na neno litaonekana limekatika. Rula itasema nafasi ni sawa, ilhali jicho litakataa. Yatupasa kulisikiliza jicho.

Tena mtii ulazima wa chombo. Kwa maandishi hutumika kisu chenye ncha ya umbo la V. Kisu hicho huingia ndani zaidi pale mstari wa herufi unapokuwa mnene, na huinuka pale unapokuwa mwembamba. Kama ncha yake ina nyuzi 90, mstari wa milimita 10 utachimbwa milimita 5. Kama ina nyuzi 60, mstari ule ule utahitaji karibu milimita 9. Mwanafunzi akichagua herufi yenye mstari wa milimita 30 na kisu cha nyuzi 60, mashine itataka kushuka milimita 26. Na ubao wake ukiwa na unene wa milimita 20, utatoboka mpaka mezani. Mashine haitamwonya. Itatii agizo baya kwa uaminifu ule ule inaotii agizo jema.

Vivyo hivyo kwa ubao uliopinda. Upande ulioinuka kwa milimita moja tu, kisu hicho cha nyuzi 90 kitaongeza milimita mbili katika upana wa kila mstari. Neno litaanza jembamba na kuishia nene, na mtu atailaumu kompyuta. La hasha! Kosa lilikuwapo tangu asubuhi, pale ubao ulipowekwa bila kupigwa randa. Nani kati yetu hajaona jambo la namna hiyo katika malezi ya watoto, au katika ndoa iliyofungwa kwa haraka? Tunalaumu saa ya mwisho, ilhali tuliacha kuandaa mwanzo.

Liko pia jambo la umeme kukatika, ambalo sote twalijua. Umeme ukizimika katikati ya kazi, mashine nyingi za namna hii husahau mahali zilipokuwa. Ukirudi, mashine haijui kulia wala kushoto. Kwa hiyo fundi mwenye busara, kabla ya kuanza, huchora alama katika kona ya ubao, na hapo ndipo anapoiambia mashine: hapa ni sifuri. Giza likija, haondoi ubao mezani. Mwanga ukirejea, huirudisha ncha ya kisu kwenye alama ile, naye huendelea. Nasi Wakristo tunayo alama yetu ya mwanzo, ambayo ni ubatizo. Aliyeanguka na kupotea njia hahitaji kutafuta ubao mwingine. Arudi alipowekewa alama.

Msivunjike moyo mkiharibu mbao za kwanza, kwani kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Jizoezeni katika vipande vilivyobaki. Vaeni miwani ya kinga, zibeni pua na mdomo kwa ajili ya vumbi, wala msiiache mashine ikifanya kazi peke yake. Na tunawasihi wazee wa parokia: yule mzee wa patasi asisukumwe kando kwa sababu mashine imefika. Mwiteni, mketisheni karibu na vijana. Yeye anajua kuusoma mshipa wa mninga na wa mvule, anajua mti utachanika wapi. Kijana ana kompyuta, mzee ana jicho. Wakitengana, sisi sote tutakosa.

Hatimaye tuseme neno na ninyi makatekista, maana mara nyingi ninyi ndio mnaopeleka majina kwa fundi. Familia imefiwa. Kila mtu ana huzuni na haraka. Jina linaandikwa katika kipande cha karatasi, au linatajwa kwa simu. Je, marehemu aliitwa Magreth au Margareth? Je, jina la ukoo lina R au L? Mashine itachonga lolote itakalopewa, na itachonga vizuri sana. Kisha mjane atasimama mbele ya msalaba wa mumewe na kusoma jina la mtu asiyemjua. Kosa la wino hufutwa. Kosa la kisu halina dawa ila ubao mpya, na mara nyingi fedha za ubao mpya hazipo. Kwa hiyo tunawaomba sana: tazameni daftari la ubatizo. Kisha, kabla mashine haijawashwa, mpeni mmoja wa ndugu karatasi yenye maandishi yale yale yatakayochongwa, ayasome kwa sauti, herufi kwa herufi. Ni kazi ya dakika mbili. Mkifanya hivyo mmetenda tendo la huruma kwa wafu na kwa walio hai.

Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu hawasahau watu wake, kwa maana amewachora katika viganja vyake. Ikiwa Mungu ameyatunza majina yetu namna hiyo, hatuna budi sisi nasi kuyaandika kwa uangalifu majina ya wenzetu. Ubao utaoza siku moja, na rangi itafifia kwa mvua na jua. Lakini kwa miaka utakayosimama, useme kweli juu ya yule aliyelala hapo.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu, na awajalie Dominika njema. Amina.