Paa-paa ya moto zetu: maneno niliyosema kwenye mkutano wa mwezi



Katibu aliniomba niseme juu ya sauti ya moto, kisha niandike ili waliokuwa shambani nao wasome. Mimi si mekanisie. Kazi yangu ni ya shirika, nazunguka vijijini na moto karibu kila siku, na mengi niliyajua kwa kuharibu yangu mwenyewe.

Kilichotokea munakijua. Jioni ile moto ilishuka barabara ya Fizi, ikalia paa, paa-paa. Wamama wakaacha sufuria kwenye makaa, wakabeba watoto kuelekea ziwani. Koko mmoja akaanguka, akavunjika mkono. Na kijana mwenye moto, kufika kwenye bariere, akakuta askari wamekwisha kuinua bunduki. Alizima, akanyoosha mikono. Kama angeongeza gazi, leo tungekuwa kwenye matanga.

Mama yangu mzazi, tangu tulipokimbia 1996, analala viatu vikiwa kando ya kitanda. Hata Nyarugusu alilala hivyo. Basi musimuambie mutu kama yeye «ni moto tu, koko». Miguu yake inakimbia kabla hajafikiri.

Sasa, sauti inatoka wapi? Ndani ya eshapema (tuliotoka Tanzania tumezoea kusema ekzosi) muna mabati na mirija midogo, wanaita shikani. Inapunguza nguvu ya moshi na kelele. Karabureta ilipimwa kiwandani pamoja na hiyo shikani na filtri ya hewa. Kijana anatoa shikani, anakata eshapema, mara anatoa na filtri, anasema moto itakuwa na mbio. Hewa inaongezeka, esansi inabaki ileile. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, mota inapata joto kupita kiasi, na mara nyingi nguvu ya kupandia mlima yenyewe inapungua. Mimi nilifanya hivyo nikiwa mwanafunzi Bukavu. Nilijiona mukubwa sana. Baadaye supapu iliungua, nikatembea na miguu muhula muzima.

Kwenye mteremko unaachia gazi. Gurudumu ndilo linalosukuma mota. Esansi kidogo inaendelea kuingia kupitia jikleri ndogo, lakini mchanganyiko ni mwembamba hata buji inashindwa kuuwasha vizuri. Unatoka haujaungua, unaingia kwenye eshapema yenye joto kali, unakutana na hewa mpya, unawaka humo. Hapo ndipo paa! Hewa hiyo inapitia mudomo uliokatwa, au pale eshapema inapofungwa kwenye kilasi, kama jointi imekufa. Kwa hiyo hata moto ambayo haikukatwa inaweza kulia, juu ya jointi tu.

Kuna na wale wanaofanya makusudi, munajijua. Anazima kontakti kwenye mteremko, gia iko ndani, kisha anawasha tena. Eshapema imejaa esansi, inalia kama bomu na inaweza kupasuka. Wengine wanasema wanabana esansi. Hapana: mota ikizunguka na gia, karabureta inaendelea kutoa, uwe umezima au hukuzima. Unailipia bila kuichoma.

Wazee walipendekeza tukamate moto zinazolia. Mimi sikubali, na niliwaambia mbele yao. Moto nyingi hapa zilinunuliwa na mukopo wa kasha letu, tukizikamata nani atarudisha mukopo? Lakini anayezima kontakti makusudi, huyo alipe faini, na sehemu iende kwa matibabu ya koko.

Tuanze na jointi, ndiyo bei ndogo. Mota ikiwa baridi, weka maji ya sabuni pale eshapema inapoungana na kilasi, uwashe. Ukiona povu linapuliza, badilisha jointi, kaza bulo zote mbili sawasawa. Kisha rudisha filtri. Kisha shikani, mwenye kuitupa, fundi wa kusudia anaweza kutengeneza ingine. Visi ya karabureta iguswe mwisho, robo ya mzunguko kwa mara moja. Hapa angalieni: visi ikiwa upande wa filtri, kuifunga ndiko kunaongeza esansi; ikiwa upande wa mota, ni kuifungua. Nimeona mafundi wawili wakigombana juu ya jambo hili, kumbe kila mumoja alikuwa na aina yake ya karabureta. Ukishatembea kidogo, fungua buji: nyeupe, esansi bado ni kidogo; rangi ya kahawia, acha hapo; nyeusi, umezidisha.

Siku ya posho, saa mbili asubuhi, tukutane nyuma ya ofisi ya chama. Kasha limekubali kununua jointi kwa memba aliyelipa mchango wake. Mwenye deni aje na jointi yake, mikono ya fundi tunachangia. Kila mumoja alete kitambaa na funguo kama anazo, ya kumi ndiyo inapotea kila mara. Moto iliyoshuka siku ile itapimwa ya kwanza. Mwenyewe amekubali, naye ndiye atakayepeleka koko sentre kila akiitwa, bila kudai franga.